Nani Aliandika Mstari Huu? Somo la Git kwa Wanaobeba Amana



Ndugu zangu, kaka na dada, somo la safari hii ni la kompyuta, lakini naomba hata asiyesoma kompyuta asifungue ukurasa mwingine. Mimi mwenyewe nasoma Masomo ya Kiislamu. Nimelazimika kujifunza jambo hili kwa sababu ya kosa nililolifanya, na kosa hilo lilimgusa mtu asiye na hatia.

Ramadhani iliyopita wanne kati yetu tulijitolea kutengeneza mfumo mdogo wa kusimamia mfuko wa futari. Anayechanga anaandikwa, anayeahidi kuchanga anaandikwa, na mwisho wa siku mhazini anaona jumla. Kila mmoja alikuwa na kompyuta yake, na kazi ilisafiri kati yetu kwa flashi. Kulikuwa na folda inayoitwa "mfuko", nyingine "mfuko_mpya", nyingine "mfuko_mwisho", na moja "mfuko_mwisho_kabisa". Anayefanya kazi za kikundi chuoni anazijua folda hizi.

Katika wiki ya pili, jumla kwenye kompyuta ikawa kubwa kuliko fedha zilizokuwa sandukuni. Pengo lilikuwa faranga 140,000. Mhazini, dada yetu, alihesabu tena na tena. Hakuna aliyemtuhumu waziwazi, lakini baada ya tarawehe maneno yalianza kupita chini kwa chini. Siku tatu alibeba mzigo huo. Siku ya nne tulikaa na kompyuta zote nne mezani, tukasoma faili moja moja. Kumbe mfumo ulikuwa unajumlisha ahadi pamoja na malipo. Ndugu mmoja alikuwa amelisahihisha kosa hilo wiki ya kwanza. Mimi, kwa kunakili folda yangu ya zamani juu ya yake, nilikuwa nimelirudisha.

Hapakuwa na mwizi. Ila hapakuwa na maandishi ya kuonyesha nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini. Mahali pasipo na maandishi, dhana huingia.

Dini yetu na kuandika

Tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu deni. Inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Inaeleza pia hekima yake: kuandika ni uadilifu zaidi, kunaimarisha ushahidi, na kunawaweka watu mbali na shaka. Tulikuwa tumeisoma aya hiyo mara nyingi. Hatukufikiri kwamba inatuhusu sisi tunaoandika programu ya kuhesabu fedha za watu.

Tunajua pia Surat al-Hujurat: aya ya 6 inatutaka tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, na aya ya 12 inatuonya juu ya dhana. Chombo nitakachokieleza hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Kinachofanya ni kurahisisha kuhakikisha, ili dhana isipate nafasi.

Git ni nini

Git ni programu inayotunza historia ya faili za mradi. Huendeshwa kwa amri zinazoandikwa kwenye terminali, yaani lile dirisha ambalo unaandika maneno badala ya kubofya picha. Ilianzishwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza Linux, kazi ya maelfu ya watu waliotawanyika duniani, na chombo walichokuwa wakikitumia, BitKeeper, hawakuruhusiwa tena kukitumia bure. Torvalds akaandika chake. Julai ya mwaka huohuo alimkabidhi usimamizi Junio Hamano, na leo Git ni chombo cha kawaida cha waandishi wa programu kila mahali.

Git inafaa sana hapa kwetu Bujumbura kwa sababu haihitaji intaneti kwa kazi ya kila siku. Historia yote iko ndani ya kompyuta yako. Unaandika, unahifadhi, unatazama ya nyuma, hata kama bando limekwisha. Intaneti utaihitaji tu unapopeleka kazi kwa wenzako.

Mfumo wetu uliandikwa kwa Django, mkusanyiko wa zana za lugha ya Python kwa ajili ya kujenga upande wa seva, yaani sehemu ambayo mtumiaji haioni lakini ndiyo inayopokea, kuhesabu na kuhifadhi. Django nayo ina chombo chake cha amri, faili iitwayo manage.py. Kwa hiyo tuna vyombo viwili: manage.py huendesha mradi, Git hutunza historia yake.

Hatua ya kwanza: jitambulishe

Kwenye Ubuntu, sakinisha kwa amri hii:

sudo apt install git

Mwenye Windows atapakua kutoka git-scm.com, na atapata pia dirisha la Git Bash la kuandikia amri. Kisha iambie Git wewe ni nani:

git config --global user.name "Jina lako"
git config --global user.email "anwani yako"

Tumia jina lako la kweli. Kila utakachokihifadhi kitabeba jina hilo.

Hatua ya pili: taja yasiyoandikwa

Ingia ndani ya folda ya mradi, uanzishe historia:

git init -b main

Kabla ya jambo lingine lolote, tengeneza faili iitwayo .gitignore na uandike ndani yake majina ya vitu ambavyo Git isiviguse:

.env
db.sqlite3
\_\_pycache\_\_/
nakala.json

Faili ya .env ndimo yanamowekwa maneno ya siri. Faili ya db.sqlite3 ni hifadhidata yenyewe, yenye majina ya waliochanga na waliosaidiwa. Hapa tusimame kidogo. Aya ya 271 ya Surat al-Baqara inatufundisha ubora wa kuificha sadaka na kuwapa mafukara. Mwanafunzi aliyepokea msaada wa futari hakukubali jina lake lisomwe na kila atakayenakili mradi wetu. Tunatunza historia ya msimbo wazi, na tunatunza siri za watu zikiwa siri. Vyote viwili ni amana.

Na ujue hili mapema: ukishalihifadhi neno la siri ndani ya Git, kulifuta kesho hakutoshi. Litabaki katika historia ya jana. Dawa ni kulibadilisha neno lenyewe mara moja.

Hatua ya tatu: hifadhi kwa kueleza sababu

Kazi ya kila siku ni amri nne:

git status
git diff
git add views.py
git commit -m "Ondoa ahadi kwenye jumla, hesabu malipo tu"

Ya kwanza inakuonyesha faili zilizobadilika. Ya pili inaonyesha mistari yenyewe, uliyoiondoa na uliyoiongeza. Isome kabla ya kuhifadhi, kama unavyosoma karatasi kabla ya kuitia sahihi. Ya tatu inachagua kitakachoingia. Ya nne inaandika rekodi.

Ujumbe ulio ndani ya alama za nukuu ndio watu wengi wanaoudharau. Wanaandika "marekebisho" au "kazi ya leo". Ujumbe wa namna hiyo ni sawa na shahidi anayesema "nilikuwepo" kisha akanyamaza. Andika ulichofanya na sababu yake, kwa sentensi moja. Na kila rekodi iwe na jambo moja. Usichanganye kubadilisha rangi ya ukurasa na kubadilisha hesabu ya fedha.

Tazama badiliko lililoleta fitina kwetu. Mstari wenye kosa ulikuwa hivi:

jumla = sum(m.kiasi for m in michango)

Na uliosahihishwa ulikuwa hivi:

jumla = sum(m.kiasi for m in michango if m.imelipwa)

Tofauti ni maneno mawili tu mwishoni. Macho yaliyochoka usiku wa Ramadhani hayayaoni. git diff ingeuonyesha mstari huo kwa rangi.

Hatua ya nne: fanya jipya pembeni

Usijaribu jambo jipya juu ya kazi inayotumika. Fungua tawi:

git switch -c risiti

Fanya majaribio yako humo. Ukiridhika, rudi kwenye shina uunganishe:

git switch main
git merge risiti

Ikiwa wewe na mwenzako mmegusa mstari uleule, Git haitachagua upande kimyakimya. Itasimama na kuwaonyesha maandishi yote mawili, mkae mchague. Mimi kwa flashi yangu nilifuta kazi ya ndugu yangu bila yeye wala mimi kujua. Git ingenizuia na kuniambia: hapa mmehitilafiana, kaeni mshauriane.

Kabla ya kuunganisha, endesha vipimo:

python manage.py test

Sisi sasa tuna kipimo kinachoandika mchango mmoja uliolipwa na mmoja ulioahidiwa, kisha kinadai jumla iwe ya ule uliolipwa peke yake. Kosa lile likirudi, kipimo kinaanguka kabla mhazini hajaguswa.

Hatua ya tano: tafuta bila kutuhumu

Amri hizi zinasoma historia:

git log --oneline
git log -p views.py
git blame views.py

Ya kwanza inaorodhesha rekodi zote kwa ufupi. Ya pili inaonyesha mabadiliko yote ya faili moja. Ya tatu inaweka mbele ya kila mstari jina la aliyeugusa mwisho na tarehe. Jina la amri hiyo kwa Kiingereza maana yake ni lawama, na nadhani walilichagua kwa utani. Sisi tusiichukue hivyo. Anayeonekana hapo ndiye wa kuulizwa kwanza, kwa sababu anajua sababu. Huenda alikuwa anarekebisha kosa la mwingine.

Ikiwa hujui kosa liliingia lini, iko git bisect. Unaiambia rekodi moja ambayo mambo yalikuwa sawa na moja ambayo yameharibika. Inakupeleka katikati, unapima, unajibu "nzuri" au "mbaya", inagawa tena. Kwa rekodi 64 utapima mara 6 tu. Sisi kwa macho tulitumia siku tatu na heshima ya mtu.

Ukishalipata kosa, usilifiche. Andika:

git revert, kisha namba ya rekodi

Amri hii haifuti rekodi mbaya. Inaandika rekodi mpya inayolitengua badiliko lile, na historia inabaki na yote mawili: kosa na sahihisho lake. Ipo njia ya kuifuta historia na kuisukuma kwa nguvu juu ya ya wenzako, git push --force. Katika tawi lako binafsi haina neno. Katika shina la pamoja la mradi wa fedha za watu, kwetu tumekubaliana ni marufuku.

Git na isnadi: wapi zinafanana, wapi hazifanani

Mwanafunzi wa hadithi hawezi kuiona Git bila kukumbuka isnadi. Kila rekodi ina mwandishi, tarehe, na ujumbe, na inataja rekodi iliyoitangulia, kama mpokezi anavyomtaja aliyemsikia. Zaidi ya hayo, kila rekodi ina alama yake ya herufi na tarakimu 40, inayopatikana kwa kukokotoa yaliyomo ndani yake pamoja na alama ya rekodi iliyotangulia. Ukigeuza herufi moja katika rekodi ya zamani, alama yake inabadilika, na za zote zilizofuata zinabadilika. Mnyororo uliokatwa hauwezi kujifanya umeunganika.

Wanazuoni wetu walikuwa na mazoea ya namna hii kabla ya kompyuta. Katika miswada ya hadithi utakuta maandishi ya sama': kitabu kilisomwa mbele ya nani, nani walihudhuria, wapi, tarehe ipi. Na nakala mpya ililinganishwa na ile ya asili, jambo waliloliita muqabala. Git diff ni muqabala wa haraka.

Lakini tusizidishe. Jina katika Git ni lile lililoandikwa kwenye git config, na mtu anaweza kuandika jina la mwingine. Git inahakikisha kwamba mnyororo haujaguswa. Haihakikishi kwamba msemaji ni mkweli. Ndiyo maana muhadithina hawakutosheka na isnadi iliyounganika. Walichunguza wapokezi wenyewe: uadilifu wao, uhifadhi wao, walikutana na nani. Watu kama Yahya ibn Ma'in, aliyefariki mwaka 233 Hijria, walitumia umri wao katika kazi hiyo, na Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852, aliwafupishia waliofuata hali za wapokezi katika Taqrib al-Tahdhib. Isnadi bila elimu ya wapokezi haikamiliki. Git nayo bila watu wenye amana haikamiliki. Inaruhusu rekodi kutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, na hilo husaidia, lakini ufunguo hutunzwa na mtu.

Na tofauti kubwa zaidi: isnadi imebeba dini, Git inabeba kazi zetu. Nimeilinganisha ili tuelewe, si ili tuzisawazishe.

Mfano wa jirani: Ushahidi

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya Wazungu. Mwezi wa Januari 2008, baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, kikundi cha wanablogu na wataalamu wa kompyuta, wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, walijenga mfumo wa kupokea taarifa za wananchi kuhusu yanayotokea mahali walipo na kuziweka kwenye ramani. Waliuita Ushahidi. Baadaye ulitumika katika nchi nyingine, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Msimbo wa Ushahidi uko wazi. Ukiwa na intaneti, andika:

git clone https://github.com/ushahidi/platform

Utapata si faili tu, bali historia yake: nani aliongeza nini, alieleza vipi, alisahihishwa na nani. Wenye hamu ya kujifunza upande wa seva wakae nayo jioni moja. Ni darasa lisilo na ada, na jina lake ni neno letu, tulilolipata kutoka kwenye shahada.

Kitu ambacho Git haitunzi

Git inatunza msimbo, haitunzi daftari la michango lenyewe, maana tumeizuia. Basi hifadhidata inahitaji nakala yake. Kila Ijumaa baada ya swala mhazini na katibu wanaandika:

python manage.py dumpdata > nakala.json

Faili hiyo inawekwa kwenye flashi mbili, kila mmoja na yake. Na ndani ya daftari tumeweka kanuni: mchango haufutwi. Ukikosewa, inaandikwa njia ya kuusahihisha, na jina la aliyesahihisha.

Ukibadilisha muundo wa hifadhidata, kwa mfano kuongeza sehemu ya tarehe ya kulipa, Django inataka amri mbili:

python manage.py makemigrations
python manage.py migrate

Ya kwanza inaandika faili ya badiliko, ya pili inalitekeleza. Faili hizo zina namba na kila moja inataja iliyoitangulia. Ziweke ndani ya Git. Mwenzako asipokuwa nazo, hifadhidata yake haitafanana na yako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini .gitignore iandikwe kabla ya rekodi ya kwanza?
2. Andika ujumbe wa rekodi kwa badiliko hili: "mchango wa kiasi cha sifuri usikubaliwe." Utaje sababu.
3. Ndugu yako amekosea katika shina la pamoja. Utatumia revert au utafuta historia? Eleza kwa upande wa kazi na kwa upande wa haki yake.
4. Git ina isnadi, je, ina jarh na ta'dil? Jadilianeni katika halaka.

Mwisho

Nilikwenda kwa dada yetu mhazini pamoja na wale wenzangu watatu, nikasema mbele ya waliokuwa wakinong'ona kwamba kosa lilikuwa langu. Alisamehe, Allah amlipe kheri. Kisha akauliza swali moja: "Mwakani mtajuaje?" Somo hili ndilo jibu langu kwake. Kila mstari wa mfuko wa futari sasa una jina na sababu, na rekodi ya kwanza kabisa katika historia yake ina jina langu na ujumbe huu: "Rudisha sahihisho nililolifuta bila kujua."

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana na ahadi zao.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.